Matembezi ya mlezi na kijana bila kuvunja kibubu: mwongozo kamili

Walezi wengi wa kujitolea huanguka kwenye shimo lilelile. Mtu anakabidhiwa kijana wa miaka 13, ari imempanda, anampeleka mahali pa kulipia kiingilio. Siku inanoga. Baada ya wiki mbili anatafuta mahali pengine pa kufanana na pale, na mfuko unaanza kulia. Mara ya tatu anatuma ujumbe kwamba amebanwa na kazi. Mara ya nne haipo.

Nimepita hapo. Kijana wangu wa kwanza nilianza naye kwenye bembea za umeme na michezo ya kulipia. Safari iliyofuata nikamwambia twende tukatembee tu. Akaniangalia, akauliza, "Kwani nimekosa nini?" Nilikuwa nimeweka bei mwenyewe bila kujua, na kila kilicho chini ya bei ile kwake kilikuwa adhabu.

Kosa hili lina gharama kubwa kuliko pesa. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walionyesha kwamba waliofaidika zaidi ni vijana waliodumu na walezi wao mwaka mmoja au zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulikatika ndani ya miezi mitatu walishuka katika namna walivyojithamini. Kwa hiyo usijiulize siku gani itampendeza zaidi kijana. Jiulize ni siku gani unaweza kuirudia mara ishirini bila kukopa.

Humu "mlezi" ni wewe, mtu mzima uliyejitolea kumsindikiza kijana asiye wako. Anayeishi naye nyumbani nitamwita "mzazi", hata akiwa bibi au shangazi.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Ridhaa ya mzazi kwa maandishi, pamoja na kibali cha mpango uliowaunganisha kama upo.
- Namba mbili za simu za kwao, ziandikwe pia kwenye karatasi. Simu huisha chaji siku ileile unayoihitaji.
- Taarifa za afya: pumu, mzio, kifafa, dawa anazotumia, na kama anajua kuogelea.
- Daftari dogo moja la wote wawili, kalamu mbili, na kamba ya kupimia yenye urefu wa mita 10.
- Chupa ya maji kwa kila mmoja, plasta, na kitu cha kujikinga na jua au mvua.
- Kikomo cha fedha. Chukua kiasi ambacho ukikipoteza mwaka mzima hakitakuumiza, ukigawe kwa 24, yaani matembezi mawili kila mwezi. Jibu ndilo dari la siku moja, nauli ikiwamo. Likitoka sifuri, sawa. Karibu kila kitu kilicho hapa chini kinawezekana kwa sifuri.

## Hatua ya 1: Weka mipaka kabla ya kupanga raha

Kaeni watatu: wewe, mzazi na kijana. Semeni mtakutana wapi, mtarudi saa ngapi, na nani atapigiwa simu mkichelewa. Kijana awepo asikie kila neno, asije akadhani kuna mazungumzo yanayofanyika nyuma ya mgongo wake.

Mipaka yangu haibadiliki. Tunakutana mahali pa wazi penye watu. Hatuendi nyumbani kwangu. Hatupandi gari langu peke yetu bila mzazi kujua njia na saa. Picha zake haziendi mtandaoni. Zawadi hazitolewi kwa siri, wala hatukopeshani. Mipaka hii inamlinda kijana kwanza, kisha inakulinda na wewe.

Tahadhari: mwambie mapema kwamba mengi atakayokueleza yatabaki kwenu, ila akikuambia kuna mtu anamuumiza au anataka kujiumiza, utamtafuta wa kumsaidia. Usisubiri siku ya jambo lenyewe. Siku hiyo maneno hayo yatasikika kama usaliti.

Utajua umefaulu mzazi akiweza kujibu maswali matatu bila kukupigia: wako wapi, wanafanya nini, anarudi saa ngapi.

## Hatua ya 2: Chora duara la nusu saa

Kinachoua matembezi mara nyingi ni nauli, si kiingilio. Anzia nyumbani kwa kijana, wala si kwako, na orodhesha kila kilicho ndani ya mwendo wa nusu saa kwa miguu: maktaba, viwanja, kituo cha vijana, makumbusho, mahakama, karakana, soko, kilima chenye mandhari.

Kisha nenda mwenyewe. Kivuli kiko wapi? Choo je? Pana pa kukaa bila kulazimika kununua kitu? Ulizia mlangoni kama kuna siku au saa za bure, na kama wanafunzi hupunguziwa. Makumbusho mengi yana utaratibu huo, na si kila mara umebandikwa ukutani.

Kagua saa ileile mtakayokwenda. Kiwanja kitulivu asubuhi kinaweza kuwa kijiwe cha walevi jioni.

Tahadhari: futa kwenye orodha reli, machimbo, majengo yaliyotelekezwa, na maji yoyote ya kuogelea yasiyo na mwokoaji. Vijana watayapendekeza hayohayo kwanza.

Utajua umefaulu ukiwa na mahali pasipopungua panane, na angalau patano ni pa bure.

## Hatua ya 3: Peleka matatu, yeye achague moja

Ukimuuliza kijana "unataka kufanya nini?", atasema "sijui" au "chochote". Si uvivu. Hajui kilichopo, wala hajui unaweza kumudu nini, na anaogopa kutaja kikubwa. Ukimpangia wewe kila kitu, nayo inageuka kipindi cha darasani.

Mpe matatu yanayotofautiana: moja la kutembea, moja la kukaa, moja la kutengeneza kitu. Achague. La nne akilileta yeye, hilo ndilo la kufanya, mradi liko ndani ya mipaka na dari la fedha.

Mwaka 1995 Kristine Morrow na Melanie Styles walifuatilia jozi 82 za walezi na vijana. Walezi waliotanguliza urafiki na kumshirikisha kijana kwenye maamuzi ndio waliodumu. Walioingia na orodha ya tabia za kurekebisha, jozi zao zilivunjika kwa wingi. Nalisema hili kwa sababu wengi wetu, hasa tuliosoma kwa shida, hatuwezi kupita mlango wa maktaba bila kuhubiri.

Utajua umefaulu akianza kukukatalia. Kijana anayesema "hapana, hilo linachosha" ameshaamini kwamba neno lake lina uzito.

## Hatua ya 4: Chagua shughuli inayoshughulisha mikono au macho

Kukaa uso kwa uso na mtu mzima unayemjua kwa wiki tatu ni kuhojiwa. Kutembea bega kwa bega, au kuinamia kitu kimoja, kunaacha ukimya uwe wa kawaida, na mazungumzo huja yenyewe pembeni. Nimesikia mambo mazito zaidi huku mtu akipiga msasa tyubu ya baiskeli kuliko kwenye kiti chochote. Hizi ndizo shughuli ninazozirudia.

### Kupima mti mrefu kuliko yote mtaani

Subirini jua likiwa na kivuli kizuri na ardhi iwe tambarare. Simamisheni fimbo ya mita 1, mpime kivuli chake, kisha kivuli cha mti. Gawanya kivuli cha mti kwa kivuli cha fimbo. Kivuli cha fimbo kikiwa sentimita 80, yaani mita 0.8, na cha mti mita 12, mti una mita 15. Anzeni na fimbo na mmalizie mti papo hapo, kwa sababu kivuli hakisubiri.

Mwache akisie kwanza, na wewe ukisie, muandike daftarini. Aliyekosea zaidi anabeba mkoba. Wiki nyingine ni mnara, nguzo ya taa au ghorofa ya shule.

### Ramani ya hatua

Pimeni mita 100 kwa kamba, kila mmoja azitembee kwa mwendo wake wa kawaida akihesabu hatua. Mkishajua hatua zenu, chukueni mtaa mmoja muupime kwa miguu na kuuchora kwa vipimo. Kila safari ongezeni kipande. Baada ya miezi mitatu mtakuwa na ramani ambayo haipo popote pengine, yenye mbwa mkali, bomba linalovuja na njia ya mkato anayoijua yeye. Hapo kijana ndiye mwalimu na wewe ni mgeni.

### Pancha ya baiskeli

Hii naipenda kuliko zote. Mnahitaji pampu, msasa, solusheni (gundi ya kubandikia), kiraka, beseni la maji, na baiskeli ya mtu yeyote iliyotupwa pembeni. Toeni tyubu, mjaze upepo kidogo, mzamishe kipande kwa kipande. Mapovu yatawaonyesha tundu. Wekeni alama, mfute maji mpaka pakauke kabisa, mpige msasa, mpake solusheni.

Hapa ndipo wengi hukosea: kiraka hubandikwa solusheni ikiwa bado mbichi. Ngojeni dakika chache mpaka iache kung'aa, kisha mkandamize kwa nguvu. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisheni kitambaa ndani ya tairi kutafuta mwiba au msumari uliosababisha yote. Msipoutoa, kazi yenu itadumu mpaka kona ya kwanza.

Muda ule wa kungoja solusheni ni wa dhahabu. Usiujaze kwa maswali.

### Kutazama anga

Inataka ridhaa ya wazi ya mzazi kwa sababu ni usiku, na mara nyingi namwalika mzazi au ndugu yake. Anzeni na swali moja: ipi ni nyota na ipi ni sayari? Nyota humetameta, kwa kuwa ziko mbali mno na mwanga wake hufika kama nukta inayoyumbishwa na hewa. Sayari hutoa mwanga uliotulia zaidi.

Kisha tafuteni kituo cha anga cha kimataifa. Huzunguka Dunia kwa takriban dakika 90, kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, na huonekana muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza, kama nuru kali inayokwenda bila kuwakawaka. Ikiwaka na kuzima, hiyo ni ndege. NASA, shirika la anga la Marekani, hutoa saa za kupita kwake kwa kila eneo, bure. Mkiazima darubini ya mkono na kuiegemeza ukutani isitikisike, miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii (Jupita), ileile aliyoiona Galileo mwaka 1610, inaweza kuonekana kama vinukta vilivyopangana karibu na sayari.

### Kusikiliza kesi mahakamani

Watu hushangaa nikiitaja. Katika nchi nyingi kesi husikilizwa hadharani, na kuingia hakulipiwi. Uliza kwanza masjala: kuna kesi gani, umri gani unaruhusiwa, na simu ziachwe wapi. Kesi zinazohusu watoto na zile za unyanyasaji kwa kawaida hufungwa kwa umma. Chagueni madai ya kawaida, msikilize saa moja, mtoke mjadili nani alieleweka zaidi.

Tahadhari: mpigie mzazi kwanza. Kama familia yake ina kesi au ndugu yuko gerezani, acha.

### Drafti ya vizibo

Ubao wa miraba 64 huchorwa kwenye boksi lililokunjuliwa, kete ni vizibo 24, nusu vikifunikwa na nusu vikifunuliwa. Ni shughuli ya siku ya mvua. Usimwachie ashinde. Anajua.

### Nyingine kwa kifupi

Maktaba, kila mmoja amchagulie mwenzake kitabu kwa kuangalia jalada tu. Mechi za madaraja ya chini. Matembezi ya picha kumi za rangi moja kwa simu mnayopokezana. Saa moja kwa fundi aliyekubali kuulizwa maswali.

## Hatua ya 5: Iendeshe siku kwa dakika 90

Mwanzoni msizidishe dakika 90. Siku nzima na mtu usiyemzoea inachosha, na uchovu ndio utakaokumbukwa.

Fika wewe kwanza. Kijana aliyezoea kuahidiwa na kusahauliwa atakuwa amesimama mbali akiangalia kama umekuja. Dakika 10 za kwanza ziwe za kutembea tu. Dakika 60 ni za shughuli. Zinazobaki ni za kurudi, polepole.

Mweleze jambo lako dogo kabla ya kumuuliza lake. "Leo nimechelewa kuamka, nikavaa soksi zisizofanana" hufungua zaidi ya "shule inaendaje?" Shule haiendi, ndiyo sababu watu wazima wote wanamuuliza.

Simu yako iwe mfukoni. Ukiitoa, sema kwa nini.

Utajua umefaulu si kwa kucheka kwake. Angalia kama mwendo wake umepungua kasi mnaporudi.

## Hatua ya 6: Zungumza fedha waziwazi, mara moja

Siku ya kwanza au ya pili mwambie: "Matembezi yetu mengi yatakuwa ya bure. Mara chache tutalipia kitu, na nitakuambia mapema." Usijitetee wala kuomba radhi. Vijana kutoka kwenye shida wanaifahamu bajeti kuliko tunavyodhani. Kinachowachanganya ni mtu anayetoa ovyo leo na kukunja uso kesho.

Mnapolipia, mpe yeye hesabu: "Tuna kiasi hiki, kinatosha nauli au kiingilio, siyo vyote." Aamue. Akikosea, mkatembea kwa miguu kurudi, kosa hilo limewagharimu kidogo, na mmetembea.

Akikuomba pesa, usijibu papo hapo. Sema utazungumza na mzazi wake, na ufanye hivyo. Ombi hilo mara nyingi limebeba jambo jingine: njaa, deni, au mtu anayemsukuma.

## Hatua ya 7: Funga siku kabla hamjaachana

Fungueni daftari. Kila mmoja aandike mstari mmoja, au achore. Halafu tarehe ijayo iandikwe hapohapo, kwa mwandiko wake. Tarehe iliyoahidiwa kwa mdomo hupeperuka. Iliyo kwenye daftari inamngoja.

Mrudishe kwa saa mliyosema, hata kama mambo yamenoga. Ukichelewa mara mbili, mzazi ataanza kutafuta sababu za kukataa. Mwambie mzazi kwa sentensi mbili mlichofanya, kijana akisikia.

## Mambo yanayokwama, na la kufanya

Hasemi kitu. Mwache. Kijana mmoja alinyamaza kwa matembezi matano, akiitikia kwa kichwa. La sita aliniambia jina la mbwa wake. Shughuli yenye mikono itawabeba kipindi hicho, usiibadilishe kila wiki kwa hofu.

Amekuja na mdogo wake. Pengine ndiye anayemlea. Ridhaa uliyonayo ni ya mmoja, kwa hiyo mpigie mzazi, na akikubali kaeni karibu na nyumbani siku hiyo. Ikijirudia, panga upya saa na mzazi. Usimlaumu kijana kwa jukumu asilolichagua.

Kila mara anataka mahali pa kulipia. Huenda siku ya kwanza ulikosea kama mimi. Panga siku ya kulipia moja kila miezi mitatu, iandikwe daftarini kwa tarehe, na aitafutie bei yeye mwenyewe.

Shughuli imebuma. Kivuli hakikuonekana, mahakama ilifungwa, pampu mbovu. Kwa hiyo kila safari uwe na drafti kwenye mkoba. Cheka wa kwanza.

Wewe ndiye huwezi kwenda. Piga simu, usitume ujumbe, na umpigie yeye, si mzazi peke yake. Taja tarehe mpya ndani ya simu hiyohiyo.

Hakutokea. Subiri nusu saa palepale mlipokubaliana. Mpigie mzazi kujua kama yuko salama. Kisha andika daftarini tarehe, saa, na neno moja tu: "Nilikuwepo." Usimsomee. Safari ijayo mpe daftari, kama kawaida, aandike mstari wake.